Uso Si Kisigino

Gisenyi, 3 Machi 2025

Mpendwa Denyse, mwana wa kaka yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe na mama yako na goti lake. Sisi tuko. Volkano inatoa moshi wake kama kawaida, na ziwa limetupa sambaza, dagaa wetu wadogo, wengi mwezi huu mpaka meza zangu za kuanikia kule Nyamyumba hazitoshi. Kwaya yetu itatimiza miaka ishirini na mitano siku ya Pentekoste, tarehe nane Juni, na tunashona sare za rangi ya maziwa. Mimi niliikataa rangi hiyo, lakini nilishindwa kwa kura.

Binti yangu Iribagiza amemaliza chuo na anangoja kazi. Kwa kuwa hana kazi, kazi yake ni simu yangu: anaipokea yeye, na ujumbe anausoma kwa sauti hata wageni wakiwepo. Ndiyo maana nakuandikia. Tafadhali usinipigie kuhusu jambo hili.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mama mmoja jirani yangu, umri kama wangu, mjane kama mimi, naye anauza samaki. Jua na moshi vimemkwaruza uso, ana mabaka, na ukimpapasa shavu unasikia kama unapapasa gunia. Ameniomba nikuulize, kwa kuwa uko kwenye duka la vipodozi, ile dawa ya kusugua ngozi ya zamani itoke na mpya ionekane. Anataka iliyo kali. Kuna mwanamume amemwambia ana neno la kumwuliza siku ya sikukuu ya kwaya, na mama huyu angependa siku hiyo awe na uso wa kuulizwa neno.

Mteja wangu Vénuste, karani mstaafu wa kule Kanama anayeishi peke yake, yule anayeimba besi, anakusalimu ingawa hakujui. Bado ananunua sambaza kilo mbili kila Alhamisi.

Barua nimempa Habiyaremye, dereva wa lori linalokwenda bandarini. Ni mtu wa siri.

Shangazi yako,
Cansilde


Dar es Salaam, 27 Machi 2025

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana ikinuka dizeli. Mama hajambo, na goti limepata nafuu tangu aache kushindana na padri nani atapiga magoti muda mrefu zaidi. Mimi niko Kariakoo kutwa nzima, nauza sabuni kwa watu wanaotaka miujiza.

Habari za jirani yako nimezisoma mara mbili. Mpe pole zangu. Nimestaajabu jinsi mnavyofanana, mpaka samaki.

Mwambie kwanza kwamba "iliyo kali" ndilo neno la kila mteja ambaye wiki inayofuata anarudi dukani akilia. Skrabu haichaguliwi kwa ukali. Inachaguliwa kwa ngozi, na ngozi ya mtu haijulikani kwa kuitazama barabarani. Afanye hivi. Jioni anawe uso kwa sabuni laini, ajifute, asipake kitu, hata Vaseline, kisha akae nusu saa. Halafu achukue karatasi laini, aikandamize kwenye paji, pua na mashavu. Ikitoka na mafuta kila mahali, ana ngozi ya mafuta, na huyo nitampa yenye asidi ya salisiliki, ambayo inaingia kwenye vitundu vya ngozi na kuvisafisha. Mafuta yakiwa kwenye paji na pua tu, ngozi yake ni mchanganyiko. Karatasi ikitoka kavu, na uso ukambana kama amevaa blauzi ya mdogo wake, ana ngozi kavu. Huyo anahitaji asidi ya laktiki, ile ya jamii ya maziwa, ambayo ni pole zaidi. Na kama ngozi yake inawashwa na kila kitu, mpaka upepo, basi asage tu shayiri iwe unga laini kabisa, aloweke, ajipitishie kwa ncha za vidole.

Yoyote atakayopata ni mara moja kwa wiki, bila kukandamiza, na asubuhi yake apake mafuta ya kukinga jua. Zile krimu za kung'arisha zinazouzwa bila maandishi asiziguse kabisa. Sitatuma kitu mpaka nipate majibu ya karatasi.

Na huyo Vénuste, Shangazi. Mtu anayeishi peke yake anafanyia nini kilo mbili za sambaza kila Alhamisi?

Wako,
Denyse


Gisenyi, 14 Aprili 2025

Mpendwa Denyse,

Marahaba. Hapa hatuna shikamoo, lakini nikiipata naitunza. Mvua inanyesha kila mchana na sambaza hawakauki, kwa hiyo nawakaanga na kuwauza wakiwa wa moto. Padri amehamishwa. Mpya ni kijana, anahubiri dakika tisa, na watu hawajui wafanye nini na muda uliobaki.

Kuhusu Vénuste sikuelewa swali lako, kwa hiyo sijibu.

Jirani amefanya kipimo chako. Alinawa, akaketi kwenye kiti bila kupaka kitu. Binti yake akaingia akamwuliza, "Mama, we unangojea nani? Sura iko kama ya mutu mwenye anangojea matokeo ya examen." Karatasi laini hakuwa nayo, alitumia ya daftari. Ilitoka kavu. Uso ulimbana mpaka nikashindwa kupiga mwayo. Akashindwa, yule mama.

Lakini mimi sikubali kwamba ana ngozi kavu. Mtu anayesimama mbele ya karai la mafuta toka saa moja asubuhi, jasho linamtiririka, uso unang'aa kama sufuria mpya, atakuwaje na ngozi kavu? Hiyo ni ngozi ya mafuta, na inataka kitu cha nguvu.

Sasa tumekaa tukafikiri, mimi na yeye. Unalijua jiwe letu la volkano, lile jeusi lenye matundu. Tangu nikiwa msichana Goma ndilo tunalosugulia visigino, na visigino vyangu mpaka leo ni laini kuliko vya Iribagiza. Kama jiwe hilo linakiweza kisigino, ambacho kimetembea miaka hamsini na sita, litashindwaje na shavu, ambalo halijatembea popote? Na wewe mwenyewe umetaja mambo ya kusaga. Jirani amepata mtu wa Bugeshi wa kumletea jiwe jipya, safi. Atalitwanga kwenye kinu, achekeche kwa kitambaa, achanganye na sukari na ndimu. Anangoja ruhusa yako tu. Nijibu upesi, Pentekoste iko karibu.

Shangazi yako,
Cansilde


Dar es Salaam, 22 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo. Salamu za mama zitakuja na barua nyingine, hii inakimbia.

Hapana. Hapana kwa jiwe, hapana kwa ndimu, hapana kwa jirani yako na kinu chake. Ngozi ya kisigino ni nene kama soli, ndiyo maana inavumilia. Ya uso ni nyembamba. Vumbi la jiwe lile lina makali usiyoyaona kwa macho, litamchanja mashavu, na ndimu ikikutana na jua juu ya michubuko hiyo atapata mabaka mengine juu ya mabaka. Na jasho si mafuta. Jasho ni maji na chumvi, likikauka linaiacha ngozi kavu zaidi. Karatasi ilisema kweli. Yule mama ana ngozi kavu, na hakuna kura itakayobadilisha hilo.

Nimepiga simu mara tatu. Zote alipokea Iribagiza. Siri yako sikuitoa, nilimwambia tu, "Mwambie mama asisage kitu chochote mpaka barua yangu ifike." Akaniuliza, "Hata mihogo?" Nikasema hata mihogo.

Ndani ya kifurushi kuna chupa ndogo ya asidi ya laktiki, pakiti ya unga wa shayiri na mafuta ya kukinga jua. Ajipake tone moja chini ya taya kwanza, angoje siku nzima aone kama linamuwasha. Habiyaremye ameniapia kwamba atafika Gisenyi kabla ya mwezi kuisha.

Denyse


Gisenyi, 12 Mei 2025

Mpendwa Denyse,

Nasalimu nyumba yako yote. Mahubiri ya padri mpya yamefika dakika kumi na moja. Barua yako na kifurushi vimefika juzi Jumamosi, vyote vizima. Gia ya lori ilivunjika Kahama, Habiyaremye akakaa huko siku kumi na moja akila kuku. Uso wangu haukumngoja.

Jirani ni mimi. Nadhani ulijua tangu barua ya kwanza, na nakushukuru kwa kunistahi.

Iribagiza alinipa ujumbe wako. Mimi nikafikiri mmesikia habari za unga mbaya huko Tanzania, tukaacha mihogo, tukala viazi wiki nzima. Jiwe halikunijia akilini hata kidogo. Jiwe si chakula.

Alhamisi tarehe nane niliamka mapema. Alhamisi ndiyo siku ya Vénuste, nikasema leo anione nimeanza kubadilika, asije akashtuka Pentekoste. Nilichukua ule unga wangu mweusi na sukari na ndimu, nikasugua kwa nguvu ya kisigino, kwa sababu hiyo ndiyo nguvu ninayoijua. Nilipoosha nikaona uso mwekundu, nikafurahi, nikasema damu imeamka. Kufika saa nne nilikuwa nimelala chali na kitambaa cha maji usoni. Ijumaa ngozi ilianza kubanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Nikaongeza ndimu, nikidhani ndiyo inamalizia kazi. Denyse, usinigombeze, tayari nimejigombeza.

Sasa niko ndani, mapazia nimefunga, kitenge kichwani mpaka machoni. Iribagiza ndiye anauza samaki. Alhamisi ile ile Vénuste alikuja, akauliza kutoka nje ya mlango:

"Cansilde, sambaza iko?"

"Iko kwa meza. Iribagiza atakupimia."

"Na we?"

"Mi niko ndani."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Nilikukosea?"

"Hapana."

"Bon. Nitarudia."

Amerudi Ijumaa na viazi, Jumamosi na kabichi. Anaweka chini, anakohoa, anangoja, anaondoka. Jana baada ya misa alisimama muda mrefu, kisha akasema, "Cansilde, kama hutaki nikuulize ile neno, uniambie tu. Mi sitakasirika." Midomo ilikuwa imevimba, na hata kama isingevimba sijui ningesema nini. Nikamsikia anashuka ngazi, moja moja.

Naona haya kukuandikia hivi, mtoto niliyekubeba mgongoni. Namtaka huyu mtu. Mume wangu ana miaka tisa kaburini, na katika miaka hiyo hakuna aliyeniuliza kama nimekula isipokuwa Vénuste. Nikimfungulia ataona madude haya usoni mwangu. Nisipomfungulia ataenda zake akijua nimemkataa, na Pentekoste ataimba besi yake upande wa pili wa altare bila kunitazama. Nifanye nini?

Hii naituma kwa basi. Lori sitaki kulisikia.

Shangazi yako,
Cansilde


Dar es Salaam, 18 Mei 2025

Shangazi yangu, shikamoo, na pole, na pole tena.

Mama amesoma barua yako, nisamehe, aliikuta mezani. Alicheka, kisha akalia, kisha akaniambia nikuandikie kabla chai haijapoa.

Uso kwanza. Acha kila kitu. Ndimu itoke nyumbani, jiwe lirudi Bugeshi. Osha kwa maji ya kawaida tu, bila sabuni, paka Vaseline nyembamba asubuhi na jioni, na ukitoka juani vaa kofia. Palipobanduka usipabandue zaidi. Ukiona usaha au homa, nenda kituo cha afya uwaambie ukweli, usiwaambie ni jirani. Kile kifurushi kiweke juu ya kabati. Usikiguse mpaka ngozi ifunge kabisa, na hata hapo anza na tone moja chini ya taya, kama nilivyosema.

Nikwambie kitu nisichowahi kumwambia mtu. Wiki yangu ya kwanza dukani nilijipaka skrabu ya ngozi ya mafuta, nami ni mkavu kama wewe, kwa sababu chupa yake ilikuwa nzuri. Siku nne niliwahudumia wateja nimevaa barakoa, nikiwaambia nina mafua. Kwa hiyo wa kukugombeza si mimi.

Mfungulie, Shangazi. Mtu anayetoka Kanama na kabichi hakufuata mashavu. Na kama ni mashavu aliyafuata, bora tujue mapema.

Wako anayekupenda,
Denyse


Gisenyi, 27 Mei 2025

Mpendwa Denyse, pamoja na mama yako ambaye sasa anajua kila kitu,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika Jumamosi jioni, nikaamua nitamfungulia Jumatatu, nipate siku moja zaidi ya Vaseline. Sikuipata hiyo siku.

Wewe umekulia Tanzania, kwa hiyo nikueleze. Zamani kwetu mwanamke akishaolewa alikaa ndani siku nyingi, amejifunika, haonekani na watu, chakula analetewa, mpaka ndugu na majirani waje na vyakula na pombe ya mtama kumtoa nje. Inaitwa gutwikurura. Siku hizi watu wanaimaliza jioni ya harusi ile ile, kwa kuwa ukumbi unalipiwa kwa saa, lakini wanawake wa umri wangu hawajaisahau. Sasa jaribu kuona alichokiona Mukabera, ambaye ni jirani wa kweli. Cansilde hatoki nje wiki mbili na zaidi. Mapazia yamefungwa. Akichungulia, amejifunika kitenge. Binti yake ndiye anauza samaki. Na mwanamume wa Kanama anakuja na chakula, anakohoa, anaongea na mlango kwa sauti ya chini. Mukabera hakuuliza mtu.

Jumapili baada ya misa nikasikia nyimbo. Nikachungulia pembeni mwa pazia: wanawake kumi na sita wa kwaya na wa jumuiya, wana maziwa, wana maharage kwenye vikapu, wawili wamebeba chungu cha pombe. Mukabera alikuwa mbele.

"Cansilde," aliita, "sisi hatukukasirika kama uliolewa bila kutuambia. Tulikasirika kidogo tu. Fungua, tumekuya kukutosha inje."

Iribagiza alinigeukia. "Mama, uliolewa?"

"Hapana."

"Na hawa basi?"

Kabla sijamjibu, Vénuste akatokea barabarani, buti za mpira miguuni, mfuko wa viazi begani. Wakamzunguka. Nilisikia wakimwambia, "Na we Vénuste, mutu muzima wa kanisa, unaoa kimya kimya kama mwizi?" Angesema kweli, kwamba hakuna ndoa, na mimi ningebaki mwanamke aliyejifungia ndani akijifanya bibi harusi, mpaka nife. Naye asingekuwa na sababu ya kurudi.

Aliweka mfuko chini. Akapangusa mikono. Unajua ni mtu asiye na haraka.

"Bon," alisema. "Mi sikujua kama nimekwisha kuoa. Mulinipita."

Hakuna aliyecheka. Akaja mpaka mlangoni. "Cansilde, ile neno nilikuwa minaichunga kwa Pentekoste. Lakini batu bamekuya na maziwa, na maziwa haingojake. Unanitaka?"

Nilifungua. Nilitoa kitenge, kwa sababu nisingeweza kumjibu mtu nimejifunika. Mabaka mekundu yalikuwepo, ngozi inaning'inia mashavuni, Vaseline inang'aa. Nyimbo zikakatika.

"Yesu Mariya," Mukabera akasema. "Ee, uso ulifanya nini?"

"Niliusugua na jiwe."

"Jiwe ya miguu?"

"Ile ile."

Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote kumi na sita, na binti yangu juu yao. Nilishika mlango ili niufunge. Vénuste hakucheka. Alinitazama kutoka paji mpaka kidevu, polepole, kama anasoma hati kabla ya kupiga muhuri.

"Juu ya nini ulifanya hivi?"

"Juu ya ile neno yako."

Akaitikia kwa kichwa. "Na jibu iko wapi?"

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka watu wa barabarani waligeuka.

Wakaketi uani. Chungu kikawekwa katikati, na desturi ni sisi wawili kunywa kwanza kwa mirija. Nilipotaka kutabasamu mdomo ulipasuka, nikauficha kwa kiganja. Aliona. Akaichambua mirija yote, akachukua mwembamba kuliko mingine, akaupangusa kwa leso yake, akanishikia mwenyewe mpaka nikamaliza kunywa, watu wote wakitazama. Nililia, Denyse, na machozi yalinichoma mashavu yote mawili, nami sikuyafuta.

Ndoa ni Jumamosi tarehe ishirini na tatu Agosti, uso upone usipone.

Shangazi yako,
Cansilde